Miaka Arobaini na Saba ya Bi Glenys na Asta Iitwayo Olwen

Bi Glenys Probert, msimamizi wa matuta ya asta, yale maua ya vuli, katika Kitalu cha Fernhope, anastaafu Alhamisi hii, tarehe 31 Oktoba 2024, baada ya kukitumikia kitalu chetu kwa miaka arobaini na saba na miezi minane. Tarehe ameichagua mwenyewe. Ofisi ilimpendekezea mwisho wa Machi ili karatasi zake ziende sawa. Akajibu kwamba mtu wa asta haondoki mwezi wa tatu, kazi ndiyo kwanza inaanza. Anaondoka maua yakishafunguka, kila mtu ameona alichokifanya.

Wasifu huu nimepewa mimi, Clement Tudge wa banda la kufungashia, kwa sababu nimekaa naye kuliko wengine waliobaki: miaka thelathini na mmoja ya kunywa chai kwenye benchi moja. Mkurugenzi wetu, Bi Rowena Aldersey, ameniomba niandike kwa uchangamfu, na kwamba kuna sehemu moja niiruke. Uchangamfu nitajitahidi. Ile sehemu nyingine tutaona tukifika.

Bi Glenys aliajiriwa tarehe 1 Machi 1977 akiwa na miaka kumi na minane, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyungu. Mama yake, marehemu Olwen Probert, alikuwa amefungasha miche katika banda hili hili kwa miaka ishirini na mitatu, akafariki Januari ya mwaka huo. Mzee Aldersey, babu yake Bi Rowena, alimchukua binti kwa heshima ya mama. Baada ya miaka miwili ya vyungu alimkabidhi uma wa bustani na matuta yote ya asta, na uma ule ule, uliobadilishwa mpini mara tano, ndio anaoutumia hadi leo. Kuuazima ni marufuku. Wapo walioajiriwa hapa wakaondoka bila hata kuugusa.

Walioko ofisini huziona asta Septemba na Oktoba tu, zikiwa zambarau na waridi hadi ukutani, nyuki wamejaa, wageni wanapiga picha. Kazi yenyewe iko Aprili, kwenye tope. Asta ikiachwa miaka mitatu mahali pamoja, katikati ya shina panakuwa pagumu na pakavu, uhai wote unahamia pembeni. Basi unaling'oa shina zima, unalipasua, unachagua machipukizi ya pembeni yenye nguvu, unayapanda upya, na katikati unatupa. Bi Glenys amefundisha watu kazi hiyo kwa maneno saba, ninayoyasikia hata usingizini: "Chukua chenye nguvu, tupa kilichochoka, usiangalie nyuma."

Mwisho wa Mei hupita na mkasi akizikata asta nusu kimo, ili zisirefuke ovyo zikalazwa na upepo. Mwaka 1998 mgeni mmoja, Bwana Horace Beddoes, alimkuta katikati ya kazi hiyo, akakimbilia ofisini kuripoti kwamba kuna mwanamke amerukwa na akili anafyeka bustani. Bi Glenys akamwita, akamtia mkasi mkononi. "Malizia safu hiyo," akamwambia, "halafu Oktoba uje unishtaki vizuri, ukiwa na ushahidi." Bwana Beddoes alirudi Oktoba, akaikagua ile safu ua kwa ua, na tangu hapo huja kujitolea kila Jumatano.

Mwaka 2006 matuta yake yalitupatia medali ya dhahabu katika maonyesho ya vuli kule London. Picha ya siku hiyo inaning'inia ofisini, na mtakumbuka kwamba Bi Glenys hayumo. Wakati wa kupiga picha alikuwa uani, nyuma ya maegesho ya magari, anakagua kichaka cha asta mwitu kilichoota kando ya uzio. Alikuwa anatafuta kitu. Amekitafuta muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu, na wasifu wake bila habari hiyo utakuwa orodha ya mikasi na mbolea.

Mwaka 1962 Mzee Aldersey alikuwa anateketeza miche ya majaribio iliyoshindwa. Ilikuwa karibu mwisho wa Oktoba, mingine yote imeshachanua na kusinyaa. Olwen wa kufungasha alitoka bandani na chai yake, akanyooshea kidole mche mmoja mwembamba kwenye toroli.

"Bwana, huo mbona haujafunguka? Unauchoma kabla haujasema neno."

"Wenzake wamesema wiki tatu zilizopita, Olwen."

"Labda si msemaji."

Mzee akaupanda tena, kwa kumridhisha tu. Siku nne baadaye ukafungua maua madogo ya bluu, ile bluu ya moshi wa kuni asubuhi ya baridi. Ulikuwa mche dhaifu. Kila mwaka ulishikwa na ugonjwa wa ukungu mweupe hadi magotini, na haukuzaa machipukizi mengi. Lakini ulichanua wakati bustani nzima imekwisha, na watu wanaopenda asta ni watu wasiokubali kwamba mwaka umekwisha. Mzee akaupa jina la Olwen na kuutia kwenye katalogi.

Kwa hiyo binti alipokabidhiwa matuta mwaka 1979, alikabidhiwa na safu yenye jina la mama yake. Kibao cha safu hiyo alikifuta vumbi kila Jumatatu. Hilo sikuliona mimi, nimesimuliwa na waliokuwepo, lakini ninaliamini.

Kosa lilifanyika vuli ya mwaka 1983. Sheria ya asta ni kwamba ua likinyauka unalikata kabla halijamwaga mbegu. Mwaka ule chiriku walikuja kwa makundi kula mbegu, na Bi Glenys, aliyekuwa na miaka ishirini na minne, akawaonea huruma ndege. Aliiacha safu ya Olwen bila kuikata. Mbegu zilizowaponyoka chiriku zikaangukia katikati ya mashina ya mama yao, zikaota humo humo, jani kwa jani ukitazama huwezi kutofautisha. Aprili iliyofuata akagawa mashina kama alivyofundishwa: akachukua chenye nguvu, akatupa kilichochoka. Akafanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Wenye nguvu walikuwa ni watoto. Mama alikwenda kwenye lundo la mboji, kidogo kidogo, kwa mikono ya binti yake mwenyewe, na binti akijisifu moyoni jinsi safu ilivyonawiri.

Mwaka 1986 safu ilifunguka tarehe tatu Oktoba, wiki tatu kabla ya wakati wake, na ndani ya bluu kulikuwa na waridi kidogo. Bi Glenys alikaa chini kwenye tope. Kisha akaenda kwa Mzee Aldersey na ua mkononi.

Mzee aliligeuza geuza. "Zuri. Halina hata chembe ya ukungu. Wateja watalipenda zaidi."

"Hilo siyo Olwen."

"Ni mtoto wa Olwen, Glenys. Jina libaki katika familia."

"Mtoto wa Olwen ni mimi," akasema, "na mimi nimepewa jina langu."

Katalogi ya mwaka uliofuata ilikuwa na barua fupi ya kuomba radhi, iliyotiwa saini na Bi Glenys peke yake, na asta mpya iliyopewa jina la Mdandiaji. Mdandiaji, kama mnavyojua ninyi mnaoifungasha nami, ndiyo inayotoka kwa wingi kuliko zote hadi leo. Bi Glenys huitunza vizuri sana na haisemeshi.

Tangu hapo akaanza kutafuta. Aliwaandikia wote waliowahi kununua Olwen, akiwaomba wakate tawi moja likiwa na maua na kulituma. Nilipoanza kazi mwaka 1993 matawi yalikuwa bado yanakuja kila Oktoba, yamefungwa kwa gazeti lenye maji, kutoka Cornwall, kutoka Scotland, mara moja kutoka Denmark. Alikuwa anayafungulia kwenye meza yangu. Sisi bandani tulijifunza kusoma mgongo wake. Mabega yalipanda kidogo akifungua gazeti, kisha yanashuka. "Siye," anasema, anaweka tawi kwenye glasi ya maji, maana kosa si la tawi, na anarudi kazini. Siku kama hizo nilikuwa namwongezea sukari kwenye chai bila kumuuliza, naye hakuwahi kulalamika ingawa hatumii sukari.

Jumapili alizunguka vijijini akichungulia juu ya kuta za bustani za watu. Mwaka 2003 polisi wa Leominster walitupigia simu.

"Mna mfanyakazi anaitwa Probert? Tumemkuta kwenye bustani ya makaburi, amepiga magoti kwenye kaburi la watu asiowajua. Anasema anaangalia rangi."

"Basi anaangalia rangi," nikamjibu.

"Mwambie basi akiangalia asilie, familia ya marehemu imeingiwa na wasiwasi kwamba kuna jambo hawakuambiwa."

Tulicheka wiki nzima, yeye akiwa wa kwanza. Lakini nilimuuliza kwa nini alilia, akasema ilifanana mno, na kwa dakika kumi nzima alikuwa ameamini.

Oktoba 2021, siku ya wageni, mama mmoja kutoka upande wa Wales alitazama matuta yote, akasema ni mazuri, ila baba mkwe wake ana asta ya ajabu ambayo hata haijaanza kuchanua. Ilikuwa tarehe ishirini. Bi Glenys aliuweka uma wake chini. Mimi ndiye niliyeendesha gari, Jumapili iliyofuata, hadi nyumba ya mawe juu mlimani, ya Mzee Idwal Pritchard, aliyefiwa na mke, fundi wa reli mstaafu.

Ilikuwa nyuma ya jiko. Katikati ya shina palikuwa peupe, pakavu kabisa, na pembeni pamebaki pete ya vijiti kama kumi, ukungu hadi magotini, na juu yake bluu ya moshi. Bi Glenys hakupiga magoti, hakulia. Alisimama mbali, mikono mfukoni, kama mtu aliyeingia chumba ambamo kuna mgonjwa amelala.

"Umewahi kuigawa?" akauliza hatimaye.

"Kuigawa? Mama, mimi hata nyasi sikati," akasema Mzee Idwal. "Marehemu mke wangu, Nesta, aliinunua kwenu mwaka sitini na nane. Akasema isiguswe. Kazi ya kutogusa kitu mimi naiweza sana."

Hicho ndicho kilichoiokoa. Kule juu barafu hufika kabla mbegu hazijakomaa, kwa hiyo hapakuwahi kuota mtoto wa kumsukuma mama, na mwenye nyumba alikuwa mvivu wa kutosha asichague wenye nguvu. Bi Glenys akaomba machipukizi mawili, Aprili ikifika. Mzee akakataa.

"Ninyi Waingereza mkiona kitu kizuri lazima mkichimbe. Njoo ukitazame. Chai ipo."

Basi akawa anakwenda. Kila Oktoba, siku yake ya mapumziko, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, anakaa saa moja kwenye kiti cha jikoni kilichotolewa nje. Hakuomba tena. Mnaokumbuka kwamba kila mwaka alirudi siku moja akiwa na tope la rangi nyekundu lisilo la kwetu, sasa mnajua lilikotoka.

Hapa ndipo sehemu niliyoambiwa niiruke. Siiruki.

Agosti mwaka huu Mzee Idwal alivunjika nyonga, akahamia kwa binti yake Swansea, na nyumba itauzwa Mei. Bi Rowena na mimi tukapata wazo. Zawadi ya kumuaga Bi Glenys isiwe saa ya ukutani. Iwe Olwen yenyewe, kwenye chungu, mezani, siku ya sherehe. Nilimpigia Mzee Idwal. "Muulize yeye kwanza," akasema. Sikumuuliza, kwa kuwa ingeharibu mshangao. Jumatatu ya tarehe 21 nikapanda mlima na gari la kazini. Mwajiriwa wa kitalu cha asta kwa miaka thelathini na mmoja, nikaingiza uma ardhini mwezi Oktoba.

Shina la miaka hamsini na sita halitoki kama karoti. Nilisikia mzizi unakatika. Upande wa kushoto ulikuwa umeshainuka nilipoisikia sauti ya Bi Glenys mlangoni mwa jiko. Ilikuwa ndiyo siku yake ya mwaka ya kuja, na Mzee Idwal alikuwa amemwachia ufunguo.

"Clement. Toa huo uma. Taratibu. Kule kule ulikopitia."

Nikautoa. Alikuja akapiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa vidole, akiushindilia kidogo kidogo chini ya mizizi iliyoning'inia.

"Vuli asta haichimbwi," akasema bila kunitazama. "Ikiwa changa, labda. Hii ikiingia baridini na kidonda inaoza. Umekaa nami miaka yote hiyo, hukunisikia?"

"Nilikusikia. Mimi ni wa kufungasha."

"Ndiyo," akasema. "Umenifungashia."

Alikuwa na haki ya kunitukana, na ningeona nafuu. Badala yake alinituma jikoni nikachemshe maji. Niliporudi na vikombe alikuwa ameshamaliza, amekaa kwenye kiti chake, ameshika ukingo wa kikombe kwa vidole vyenye udongo. Vijiti vitatu vya upande wa kushoto vilikuwa vimeanza kulegea vichwa. Tulikaa hadi basi lake likapita barabarani bila yeye, nikamrudisha mimi. Mlangoni kwake nikamwambia samahani, akanipiga bega mara moja, akaingia.

Kesho yake alimpigia Mzee Idwal, wakaelewana. Kwa hiyo Bi Glenys hastaafu kwenda kupumzika kisiwani Madeira kama tangazo la ubaoni linavyosema bado. Ijumaa, siku moja baada ya sherehe, anahamia ile nyumba ya mlimani hadi Mei. Kazi yake huko ni kufunika mizizi na majani makavu barafu ikija, kuyafunua ikiondoka, kuzuia maji ya mvua yasituame, na kuwafukuza watakaotumwa kusafisha uwanja kwa ajili ya wanunuzi. Tiketi imerudishwa. Badala yake, kwa michango yenu, tumempatia kuni kavu za majira yote ya baridi, blanketi mbili za sufu na birika jipya. Kuni nitazipeleka mimi, na nitazipanga mimi.

Nilimwambia, Jumamosi iliyopita, kwamba huenda anakwenda kukaa miezi sita peke yake kando ya kitu ambacho nimeshakiua. Aprili ikifika pasichipue, atakuwa amepata nini?

Alikuwa anasafisha uma wake, akaendelea kuusafisha.

"Mama aliugua wiki sita," akasema. "Mimi nilikuwa Birmingham, nimepata kazi dukani. Wakaniandikia nisije, ni mafua tu, nisipoteze kazi. Nikawatii, kwa sababu hata mimi sikutaka kuja. Clement, sijui kama itapona. Ila safari hii nitakuwepo."

Bi Glenys, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Fernhope, wa sasa na waliotangulia, asante kwa kila Aprili na kila Oktoba. Tunakuombea baridi isiyo kali, udongo usiotuamisha maji, na afya ya kuinama na kuinuka. Ikichipua, tuambie. Isipochipua, tuambie pia, nije kukuchukua.